Eda na Mbegu za Mgomba

Kasulu, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza yenye maana imenyesha leo alasiri. Imekuja na mawe madogo madogo, yakapiga bati mpaka wifi yangu Faudhia akaziba masikio. "Huku hata mvua ina ugomvi," akasema. Nilitaka kutoka barazani nitazame maji mekundu yakiteremka barabarani. Nilishafika mlangoni nilipokumbuka. Nikarudi kukaa.

Mume wangu Khamisi tumemzika Jumamosi. Alikuwa anapanga sabuni rafu ya chini, akakaa sakafuni kama mtu aliyechoka, hakuinuka tena. Sasa niko eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba, nguo nyeupe, bila manukato, bila hina, bila wanja. Duka liko mbele ya nyumba hii hii na limefungwa. Daftari hili nimelichukua dukani kwa kupitia mlango wa ndani. Nimesoma mpaka darasa la saba tu. Naandika kwa sababu mikono yangu haijui ishike nini.

13 Oktoba

Watu bado wanagonga duka. Mmoja leo alimwambia mwenzake, "Si ndipo hapa kwa mgomba? Mbona mgomba siuoni?"

Kipriani, fundi cherehani anayeshona barazani kwetu, akawajibu, "Mgomba umekufa, na mwenyewe kafa. Sukari kaitafuteni sokoni."

Kipriani hana ubaya. Mdomo wake tu hauna komeo.

14 Oktoba

Niandike habari za ule mgomba, nisije nikasahau.

Khamisi aliutoa bondeni Munanila alipokwenda kununua maharage. Alikuja nao ndani ya ndoo, mdogo, ameupakata kwenye gari njia nzima. Si mgomba wa kula. Ni ule wa porini, watu huupanda kwa mapambo: majani mapana kama mkeka wa sala, na uti wa katikati mwekundu. Aliupanda mbele ya duka, ukapita paa. Mgeni akishuka stendi akaulizia duka letu, aliambiwa atafute mgomba. Jioni Khamisi akishafunga milango aliuwekea kiganja shinani, kidogo tu, kama mtu anayemuaga ng'ombe wake, ndipo anaingia ndani.

Mwaka jana ukatoa ua, ukazaa vindizi vilivyojaa mbegu, ukafa. Aina hiyo huzaa mara moja ikafa, wala haiachi chipukizi. Khamisi aliziosha mbegu, akazianika, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. "Mvua zikianza nitaziotesha," alisema.

Mvua zimeanza.

15 Oktoba

Shemeji Hilali, ndugu yake Khamisi, kapiga simu kutoka Pangani. Ameuliza kama bado niko kwenye ahadi yangu. Siku ya mazishi aliniuliza mbele ya wazee, eda ikiisha nitarudi kwetu? Nikasema ndiyo. Siku ile hata mtu angeniuliza kama nitakwenda kuishi baharini na samaki ningesema ndiyo.

Faudhia amekuja kukaa nami hadi mwisho, kisha tuondoke pamoja. Nyumba yake kubwa, binti zake wote wameolewa mbali. Ameshanichagulia chumba, kile cha dirisha la kisimani. Nashukuru. Nami nimezaliwa Pangani. Sijui kwa nini nimemjibu Hilali, "Inshallah," kwa sauti ndogo hivyo.

19 Oktoba

Nimelitoa kopo. Mbegu ni nyeusi, ngumu kama kokoto, kubwa kuliko punje ya mahindi, kila moja ina kitovu. Nilikuwa nazimwaga kwenye sinia Faudhia akaingia.

"Hizo nini, wifi?"

"Mbegu za mgomba wa Khamisi. Nataka kuziotesha."

"Mgomba wenyewe ndio ule wa mapambo?"

"Ndio."

"Na mjane katika eda anakatazwa nini?"

"Mapambo. Lakini hayo si ya mwili, wifi?"

"Mapambo ni mapambo. Subiri. Miezi si mingi."

Hakusema kwa ukali. Alizirudisha kwenye kopo moja moja, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto kisu mkononi. Ningekuwa bado msichana ningelia. Sasa nimekwenda kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

20 Oktoba

Mvua. Mchele.

24 Oktoba

Yusta amekuja. Ni jirani yetu ng'ambo ya kichochoro, Muha wa Munanila, anauza maharage na mawese. Miaka yote nimemwona mwanamke wa maneno mengi, nikijificha nyuma ya mizani akipita. Leo Faudhia alikuwa anaoga, nikamwonyesha Yusta mbegu.

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada Kuru! Mgomba kwa mbegu? Usiseme hivyo mbele ya Waha, tutakufukuza mjini. Mgomba unapandwa kwa mwanawe. Unang'oa mtoto pembeni ya mama, unachimba shimo, basi."

"Huu hauna watoto," nikasema.

Akaacha kucheka. Mimi na Khamisi hatukujaliwa, na kila mtu mtaani anajua. Akazichukua mbegu, akazigeuza kiganjani.

"Bondeni kwetu zinaota zenyewe," akasema polepole. "Lakini hatujui nani amezipanda. Ngedere, labda. Tufanye kama mama yangu alivyofanya mbegu za ulezi. Lete majivu."

Tukaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu. Kesho ataleta magome makavu ya mgomba.

26 Oktoba

Yusta kaleta. Kila fungu la mbegu alilisugua kwa majivu, akalizungushia gome kavu la mgomba, akafunga kwa kamba ya gome hilo hilo, fundo juu ya fundo. Vifurushi vilivyokaza, kila kimoja kama ngumi ya mtoto. Mama yake alikuwa anavitundika juu ya moto. Sisi hatuna dari jikoni, tumevificha nyuma ya jiko la mkaa, chini ya benchi, pale penye joto.

Kuficha kitu nyumbani kwangu mwenyewe! Lakini leo nimekula nikashiba.

2 Novemba

Nimefungua kimoja. Hakuna kitu. Nimefunga.

3 Novemba

Hakuna kitu.

7 Novemba

Nimejua kila mgongaji kwa namna anavyogonga. Yule mwalimu wa kutoka Singida hugonga mara mbili, anangoja, halafu anaondoka kwa miguu mizito. Mama wa maandazi hagongi, anapiga kofi. Wanajua tumefunga na bado wanapita kujaribu. Nazunguka chumbani mpaka Faudhia anauliza kama nabanwa na choo. Leo nimepanga upya vyombo vya kabatini, kisha nimevirudisha vilivyokuwa.

14 Novemba

Arobaini ya Khamisi. Hitma imesomwa, watu wamejaa mpaka barabarani chini ya turubai, mvua ikawapiga mgongo waliokaa pembezoni. Hata Yusta na wanawake wa jumuiya yake wamekuja kutusaidia kumenya vitunguu. Khamisi alikuwa akiwasalimu Waha kwa Kiha chenye lafudhi ya Pangani, "Mwakeye, mwakeye," akiivuta ile "ke" kama mpira, nao walikuwa wanamwigiza barazani. Leo wamemwigiza tena, jikoni, kwa sauti ya chini. Nimecheka ndani ya kanga.

21 Novemba

Nitaandika yote, hata nikichelewa kupika.

Asubuhi Faudhia aliamua kusafisha jikoni. Mimi nilikuwa naswali Dhuha. Nikasikia kimya, halafu sauti yake inasoma Ayatul Kursiyu, kwa haraka, ikipanda. Nilipotoa salamu na kutoka, alikuwa amesimama katikati ya ua mvuani, ameshika koleo la makaa, na kwenye koleo vile vifurushi.

"Usisogee!" akaniambia. "Usiviguse, wifi! Vilikuwa nyuma ya jiko. Vimefungwa mafundo. Majivu ndani, na vitu vyeusi. Nilijua. Nilijua tangu siku ya kwanza, huku Kigoma mtu hafi hivi hivi akiwa anapanga sabuni."

"Faudhia, hizo ni..."

"Wamekufunga! Ndio maana kila nikitaja Pangani unatazama ukuta!"

Akaenda chooni akavitumbukiza vyote. Nilisikia vikitua.

Yusta akatokea kwenye kichochoro na kidumu chake cha mawese, amekuja na tabasamu. Faudhia akamnyooshea lile koleo. "Wewe. Nimekuona ukiingia humu na magome. Umemfunga mjane! Toka. Uchawi wenu upelekeni kwenu."

Majirani wakachungulia. Cherehani ya Kipriani ikasimama. Yusta aliweka kidumu chini, akaniangalia mimi. Ilikuwa zamu yangu kusema. Nilifungua mdomo nikasema tu, "Mbegu," na hakuna aliyesikia kwa ajili ya mvua. Akageuka akaenda.

Ndani nilimweleza Faudhia: mbegu za Khamisi, na majivu na magome ni namna ya Waha ya kutunza mbegu, ndivyo wanavyofanya kwa ulezi. Alikaa kwenye benchi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinikataza."

"Zote zilikuwa humo?"

"Zote."

Akafunika uso kwa ncha ya kanga. Sikumfariji. Nilikwenda kulala mchana, jambo nisilolifanya.

22 Novemba

Kidumu cha mawese bado kiko pale kwenye kichochoro, mvua inakijaza.

23 Novemba

Mlango wa Yusta ninauona kutoka dirisha la jikoni. Ni hatua chache, mbuzi anazivuka akitafuna. Mimi siwezi, eda yangu hainiruhusu kwenda nyumba za watu. Nimesimama dirishani leo mpaka maharage yameungua.

25 Novemba

Nilimwambia Faudhia, "Mimi nimefungwa humu. Wewe una miguu."

"Nitamwambia nini?"

"Cha kumwambia utakijua mwenyewe njiani."

"Njia yenyewe ni kichochoro!"

"Basi ujue haraka."

Alivaa baibui, akachukua mwavuli. Nilimwona akipiga hodi. Nikamwona Yusta akifungua, akasimama mlangoni amejaza mlango wote. Walisimama muda mrefu, mmoja mvuani mmoja ndani. Kisha Faudhia akafunga mwavuli akaingia.

Hakurudi Adhuhuri. Hakurudi mpaka karibu na Alasiri, viatu vimejaa tope, kinywa kinanukia samaki. Alikuwa amelishwa ugali kwa dagaa na hakukataa.

"Amekutukana?" nilimuuliza.

"Hakunitukana. Amenikalisha nimchambulie maharage gunia nusu. Kila nikitaka kuomba radhi ananisogezea sinia jingine. Mwisho ananiambia, 'Dada wa pwani, kama ningekuwa na uchawi, ningekuwa nachambua maharage?'"

Akacheka, akalia, akacheka. Tangu aje sijamwona hivyo.

4 Desemba

Yusta ametuma watu wa kwao. Leo basi la Munanila limeleta kifurushi cha gome, mafundo juu ya mafundo, mbegu mbichi kutoka bonde lile lile. Faudhia alikwenda kukipokea mwenyewe stendi. Alirudi amekishika kwa vidole viwili, mkono umenyooka mbele, midomo inasoma.

Si mbegu za Khamisi. Hizo zimekwenda. Nimejiambia hivyo mara moja, sitajiambia tena.

6 Desemba

Faudhia kampigia sheikh wetu wa hapa kuuliza kama mjane anaweza kuotesha mgomba. Sheikh kacheka simuni mpaka mimi nikasikia. "Mwambie asiuvae masikioni tu," akasema.

Kipriani naye alitafuta kwenye simu yake. Anasema mbegu hizi zinataka zikwanguliwe kidogo ganda, zilowekwe, kisha zipate joto mchana na ubaridi usiku, si joto moja mfululizo kama nilivyofanya. Faudhia akachukua jiwe la kunolea kisu, akakaa mlangoni, akakwangua moja moja.

15 Desemba

Karai la mbegu, lenye mchanga na samadi iliyooza, linatoka uani jua likitoka, linaingia ndani likizama. Anayelibeba ni Faudhia. Haniruhusu kuligusa, anasema nina mkono mzito wa maji. Kasulu asubuhi kuna ubaridi wa kuvaa sweta, naye analivisha karai mfuko wa nailoni na kuliambia, "Pole, baba."

25 Desemba

Yusta kaleta kuku hai ili tuchinje wenyewe, tusiwe na wasiwasi. Tumekula pamoja jikoni. Alitusimulia kambi ya Mtendeli ilivyokuwa wakati wa wakimbizi, alipokuwa akipeleka maharage huko, na mama mmoja Mrundi aliyepanda maua kuzunguka hema kabla hajachimba choo. "Nilimwona mjinga," akasema. "Sasa nakaa na ninyi."

Miaka yote mwanamke huyu alikuwa ng'ambo ya kichochoro.

3 Januari

Faudhia kafukua mbegu kuangalia. Nimemgombeza. Kasema hakufukua, kachungulia.

9 Januari

Mvua haikomi. Ukuta wa chumbani umeota ukungu, ndicho kitu pekee kilichoota.

16 Januari

Mche umetoka!

Nilikuwa nakoroga uji. Faudhia akapiga vigelegele uani, virefu, vya harusi kabisa. Kipriani akauliza kwa sauti kupitia ukutani, "Mama, eda imeisha?" Yusta akaja mbio na mkono wenye unga.

Ni ncha tu, imejisokota, rangi kati ya kijani na damu ya mzee, imeinua chembe ya mchanga kichwani. Tulichuchumaa sote watatu. Yusta alitazama muda, akatikisa kichwa. "Mgomba kwa mbegu," akasema. "Mama yangu angenipiga."

Nilitaka kukimbia dukani kumwita Khamisi. Kweli niliinuka nusu.

18 Januari

Hilali amepiga. Faudhia kaninyang'anya simu. "Safisha pale pembeni ya kisima, toa zile tofali. Tunakuja na mgomba wa Khamisi. Ndiyo, wa Khamisi! Nimeuotesha mimi. Nitaupakata njia nzima, sitautia buti."

Ananiangalia akiwa anasema, macho yanang'aa. Nikatabasamu.

Pangani hautaishi. Khamisi alijaribu zamani. Tulikwenda na mche mmoja wa bondeni kumtembelea mama yake, akaupanda kivulini, akaumwagilia kila saa. Joto na upepo wa chumvi vikaukausha majani, ukafa kabla hatujapanda gari la kurudi. "Huu mti una kiburi cha milimani," alisema. Faudhia wakati ule alikuwa kwa mumewe, hajui.

20 Januari

Sijasema.

21 Januari

Mwalimu wa Singida kagonga mara mbili. Sijasema.

23 Januari

Mche wa pili umetoka, na wa kwanza umefungua jani. Faudhia anatafuta ndoo yenye mpini imara. Ananipimia gauni la kutokea eda, Kipriani analishona. Kila pini anayonichoma, najiambia nitasema kabla ya inayofuata.

Nikijiuliza vizuri, si habari ya mgomba ninayoogopa kuisema.

27 Januari

Leo hakukuwa na mvua. Jua lilitoka kali, ua wote unatoa mvuke. Faudhia alikuwa anafuta vumbi kwenye lile jani moja kwa kitambaa cha maji.

Nikasema, "Wifi, mti huu hauwezi Pangani. Khamisi alijaribu ukafa. Unataka ubaridi wa huku."

Aliendelea kufuta. Akaufuta uti, akaufuta ukingo. Halafu akauliza bila kuniangalia, "Unasema mti, au unajisema wewe?"

Ingekuwa rahisi kusema mti.

"Najisema mimi," nikasema. "Mti hauwezi, hilo ni kweli. Lakini hata ungeweza, mimi sitaki kurudi. Nataka kufungua duka."

"Uliahidi mbele ya wazee."

"Niliahidi. Nitampigia Hilali mimi mwenyewe nimwambie nimevunja ahadi."

"Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Pangani nitakuwa mgeni wa heshima. Nitapikiwa, nitatandikiwa, nitakaa ukumbini mjane wa Khamisi mpaka nife."

"Kuna ubaya gani mtu kupikiwa?"

"Hakuna. Ndiyo maana naogopa. Nitazoea."

Aliweka kitambaa chini. "Huku una nani? Nitajie."

Nikafikiri. Kipriani. Yusta. Mwalimu ambaye sijui hata jina lake. Nikaona nikiwataja wataonekana wachache. "Nina mlango unaogongwa," nikasema.

Nilidhani hasira imemshika, nikajiandaa kwa maneno. Yaliyokuja sikuyajiandalia.

"Mimi nimefiwa na kaka yangu," akasema. "Khamisi nilimbeba mgongoni mimi. Mama alikuwa sokoni, mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, ukumbi ule ule. Wewe umewekewa eda. Watu wanakuja, wanakaa, wanakuuliza umelalaje. Dada hana eda, wifi. Dada anaambiwa nenda kakae na mjane. Nimekaa na mjane. Nikasema moyoni, nikirudi naye, nitakuwa nimerudi na kitu chake."

Miezi hii yote nimemwandika humu kama mlinzi wangu. Yule mwanamke aliyekuwa anasema "Pole, baba" kwa karai la mchanga, sikujiuliza hata mara moja alikuwa anasema na nani.

Nilimshika mkono. Hakuutoa mkono wake, lakini naye hakunishika.

"Nimekusikia," nikasema. "Na bado nabaki."

"Nami nimekusikia," akasema. Akainuka akaingia ndani.

28 Januari

Hasemi nami. Karai amelitoa juani kama kawaida.

29 Januari

Hasemi nami. Amepika wali wa nazi, ameniwekea.

31 Januari

Nimempigia Hilali. Alisema atanishitaki kwa wazee, kisha akauliza nani atanibebea magunia ya sukari. Nikasema nitayaburuta. Akasema, "Astaghfirullah," lakini nilisikia kama anacheka kidogo puani, namna ya Khamisi. Sikujua kuwa wote wawili wana mcheko huo.

3 Februari

Faudhia kasema, "Chumvi." Nikampa chumvi.

5 Februari

Niliamka nikamkuta dukani, ameingia kwa mlango wa ndani, anafuta rafu. Ile ya chini, ya sabuni, alikuwa ameiacha mwisho. Amepiga magoti mbele yake, kitambaa mkononi, hafuti. Nikapiga magoti pembeni yake. Tuliifuta pamoja, yeye kutoka kushoto, mimi kulia, tukakutana katikati. Nikamuuliza, "Umelalaje, wifi?"

"Vibaya," akasema. "Tangu Oktoba nalala vibaya."

Akanieleza. Tulikaa sakafuni pale mpaka mgongo ukauma, akinisimulia Khamisi mtoto: alivyoogopa kaa, alivyokula udongo, alivyouza maembe ya jirani kwa jirani mwenyewe. Mimi nilikuwa nauliza tu na kusikiliza, kama watu walivyonifanyia mimi.

10 Februari

Eda imeisha. Faudhia amenikogesha, amenifukiza udi, amenitia wanja, kope moja nene kuliko nyingine. Gauni la Kipriani linabana kwapani. Yusta amekuja na wenzake. Nilikwenda mpaka nyumbani kwake, ule mwendo wa mbuzi, nikapiga hodi ingawa yeye alikuwa nyuma yangu, nikamwomba radhi mlangoni kwake kwa kukaa kimya siku ile ya koleo. "Ungepiga kelele ungenyeshewa bure," akasema.

12 Februari

Basi la Faudhia limeondoka alfajiri. Nilimsindikiza stendi. Watu walinisalimu njia nzima, nikasahau wengine wanaitwaje.

Hakuchukua mche. Hakuwahi tena kusema juu ya jambo hilo, wala mimi. Alikaa dirishani, baibui limekaa vizuri, mkoba magotini, mikono yake juu ya mkoba haina la kufanya. Dereva alipowasha gari aliteremsha kioo.

"Mfungo wa Ramadhani nitakuja," akasema. "Si kukuchunga. Nitakuja kama dada yake."

"Njoo ukae eda yako," nikasema.

Alinitazama sana. Gari likaondoka.

Mvua ilianza nilipokuwa narudi. Sikukimbia. Nilifungua milango ya duka yote miwili, ya barabarani, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Imevimba kwa unyevu, Kipriani ilibidi aisukume kwa bega. Ndani kunanuka sabuni na panya. Sijui bei ya nusu ya vitu. Miche iko barazani kwenye makarai, nitaipanda ardhini itakapokomaa, na inaweza kufa, watu wanasema midogo hivi hufa sana.

Nikiwa natafuta mawe ya mizani, mwanamke nisiyemjua alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, mwavuli unachuruzika. Akachungulia nyuma yangu, akachungulia kwenye mlango wa ndani.

"Mwenye duka yupo?"

Miaka yote nilikuwa najibu swali hilo kwa kugeuka na kuita. Nikageuka. Shingo ilikwenda yenyewe.

Nikairudisha.

"Ni mimi," nikasema. "Ingia, utanyeshewa. Unataka nini?"